Maliza Ulichoanza Kabla ya Kukimbilia Kipya: Mwongozo kwa Mkulima na Mfanyabiashara wa Nyanda za Juu Kusini

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti, viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya hufurika watu wa Nane Nane. Mtu anaingia getini akiwa mkulima wa kahawa. Anatoka na mfuko umejaa vipeperushi vya parachichi, vanila, sungura, uyoga na samaki wa kufugwa kwenye matangi. Kujifunza si kosa, na maonyesho yale yana faida zake. Shida ni majira. Agosti kahawa inauzwa, mahindi yako ghalani, viazi vya Umalila na Njombe vimeshapakiwa kwenye malori, na mvua haitaanza mpaka Novemba. Pesa ipo mkononi, kazi ya shamba imepungua, na mbele yako kuna kijana mwenye fulana nzuri anayekuambia ekari moja itakulipa mamilioni. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Mwongozo huu ni wa kutumia katika kipindi hicho, toka Agosti mpaka mvua za kwanza. Nimeuandika kwa kumfikiria mkulima zaidi, lakini mwenye fremu Mwanjelwa, mwenye bodaboda Mafinga au anayejenga nyumba Makambako ataukuta unamhusu.

Hatua ya kwanza: andika kila kitu kinachokudai

Nunua daftari, la madeni lisilochanika haraka. Chora safu tano: kitu chenyewe, mwaka ulioanza, ulichokwisha kuweka, kinachodai msimu huu, na nani anakitegemea. Kisha andika yote, siyo mashamba peke yake. Hisa na marejesho ya VICOBA, kikundi chenu cha kuweka na kukopa. Mbolea uliyochukua kwa mkopo kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ambayo itakatwa kwenye malipo ya kahawa. Mali kauli, yaani bidhaa uliyoichukua dukani ukaahidi kulipa ukishauza. Ada ya Januari. Mtoto wa dada yako uliyemwambia utamsomesha ufundi. Ekari mbili za misindano ulizopanda Mufindi ukazisahau. Pagale.

Pagale liandike kwa herufi kubwa. Ukipita pembeni ya barabara ya kwenda Tukuyu au mitaa mipya ya Iringa utaona nyumba nyingi zimefika kwenye lenta zikasimama, nyasi zimeota sebuleni. Ukuta usiopauliwa unapigwa na mvua za Novemba hadi Aprili mwaka hadi mwaka, na kama umejengwa kwa matofali ya kuchoma kwa udongo, kingo za juu huanza kumomonyoka. Kwa hiyo hata "nimeliacha kwanza" lina gharama, ila haiandikiwi risiti. Katika safu ya nne weka gharama ya kulilinda tu, mathalani saruji ya kufunika kichwa cha ukuta, ili ujue kwamba hata kusimama kunalipiwa.

Jioni ya kuandika daftari hili kaeni wote wawili, mke na mume. Mara nyingi mmoja anajua ahadi ambazo mwenzake hazijui, hasa zile zilizotolewa kilabuni msimu wa ulanzi.

Hatua ya pili: pima umri wa kila kitu

Mambo mengi yanaachwa katikati kwa sababu mtu hajui ni saa ngapi. Anaona hakuna mapato, anaamua kitu kimekufa, kumbe bado kinakua. Kwa hiyo mbele ya kila mstari andika kitu hicho hulipa kikiwa na umri gani.

Kahawa ya arabika huanza kutoa mzao wa maana mwaka wa tatu, na ikitunzwa inakwenda miongo mingi. Chai nayo hivyo hivyo, na kichaka kilichotunzwa kinaweza kumzidi umri aliyekipanda. Parachichi ya Hass iliyobebeshwa, yaani kuunganishwa kwenye shina la aina nyingine, huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, lakini mzao wa kujivunia unakuja baadaye sana, mwaka wa saba au wa nane. Mikaratusi ya nguzo inahitaji miaka kama minane hadi kumi. Misindano katika mashamba makubwa ya serikali kama Sao Hill huhesabiwa miaka 18 hadi 25.

Kwenye misindano nitakaa kidogo, maana ndiko watu wa Mufindi, Njombe na Kilolo wanakopoteza pesa nyingi bila kulia. Dalali anakuja miti ikiwa na miaka minane au tisa. Anatembea nayo, anagusagusa, anakutajia bei ya msitu mzima. Una ada, una msiba, au umesikia habari ya parachichi. Unauza.

Sasa nenda ukasimame karibu na mashine ya dingdong siku ambayo inapasua magogo ya namna hiyo. Gogo lenye upana wa sentimita 15 linaingia. Kwanza linakatwa mabanzi pande nne ili lipate uso. Yakishatoka mabanzi, kilichobaki katikati ni mbao ya inchi mbili kwa nne, pengine mbili kwa tatu, na lundo la mabanzi na vumbi la mbao pembeni linaishinda mbao yenyewe. Halafu litazame gogo la sentimita 30. Upana umeongezeka mara mbili, lakini eneo la mkato wa gogo limeongezeka mara nne, na mabanzi yake ni yale yale membamba. Humo zinatoka moja kwa nane na mbili kwa sita, mbao ambazo mafundi wa Dar es Salaam wanazigombania. Mti ule ule, shamba lile lile. Tofauti ni miaka iliyoongezwa, pamoja na kupogolea na kupunguza miti iliyobanana. Ukipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari moja inabeba miti kama 450. Zidisha mwenyewe.

Kazi ya kuitunza katika miaka hiyo ni ndogo. Kubwa kuliko zote ni kufyeka mkanda wa kuzuia moto kabla ya kiangazi kukolea, maana moto wa Septemba na Oktoba ukiingia hauangalii miti ina umri gani. Ukiwa na shida ya pesa, uza sehemu. Uza ile miti ambayo ingepunguzwa hata hivyo.

Hatua ya tatu: tafuta kinachouma hasa

Kabla hujasema "kahawa hailipi", sema ni nini ndani ya kahawa hakilipi. Mambo manne yanachanganywa: zao lenyewe, matunzo, soko, na mwaka mbaya. Kila moja lina dawa yake, na kung'oa ni dawa ya moja tu.

Chukua shamba la kahawa Mbozi. Mwaka jana liliinamisha matawi kwa buni, mwaka huu limetoa debe za kuhesabu. Mwenye shamba anakasirika, anashika shoka. Lakini arabika ndivyo ilivyo. Inazaa kwenye kijiti kilichoota msimu uliopita, na kijiti kilichokwisha kuzaa hakizai tena pale pale. Mwaka wa mzao mkubwa mti hutumia nguvu yote kujaza buni, hauoti vijiti vipya vya kutosha, na mwaka unaofuata hauna pa kuzalia. Usipopogolea wala kuweka mbolea, tofauti kati ya mwaka na mwaka inazidi. Nenda kwenye mti wako sasa hivi, shika tawi, tazama: sehemu yenye gamba la kijivu imeshazaa, ya kijani nchani ndiyo ya mwakani. Kama ya kijani ni fupi kama kidole, umeshapata jibu, na jibu hilo halihusiani na parachichi.

Kama tatizo ni uzee, mashina marefu yasiyofikika na matawi matupu, kuna njia ya kati. Mara baada ya kuvuna, kabla ya mvua, kata shina kwa mshazari kwenye kimo cha sentimita 30 hadi 45 ili maji yateleze, ukiacha shina moja la kunyonyesha, yaani lisilokatwa ili liulishe mti. Maotea yataibuka mengi. Chagua mawili au matatu yenye afya, yaliyokaa mbalimbali, mengine yaondoe. Baada ya kama miaka miwili mti unazaa tena kama kijana, kwa mizizi ile ile iliyozoea udongo wako. Usikate shamba lote kwa mpigo. Kata robo mwaka huu, robo mwakani, ndipo nyumba isikose kahawa ya kuuza hata msimu mmoja.

Kama tatizo ni chulebuni au kutu ya majani, zungumza na TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, wana kituo Mbimba, hapo hapo Mbozi, na wanazo aina zinazostahimili magonjwa hayo. Mashina ya zamani yanaweza kubadilishwa kidogo kidogo, mstari baada ya mstari.

Likibaki la bei, kumbuka historia. Bei ya arabika duniani inafuata soko la New York. Mwaka 2019 ilishuka chini ya dola moja kwa ratili, na huku kwetu wapo walioziondoa kahawa wakapanda mahindi. Februari 2025 bei hiyo hiyo ilipita dola nne. Aliyeng'oa mwaka 2019 na kujuta akapanda upya bei ilipopanda, kahawa yake itazaa mwaka 2028, na hakuna anayejua bei ya 2028. Aliyebaki na shamba dogo, akilipogolea tu bila hata kulipenda, alikuwa na buni ya kuuza siku ile.

Kwa mfanyabiashara hatua hii ni fupi zaidi. Chukua daftari la mauzo na ulinganishe miezi mitatu. Kama wateja wanakuja ila bidhaa imeisha, shida yako ni mtaji umekwama kwa wadaiwa, sio biashara. Kudai madeni ni kazi mbaya isiyo na heshima, ndiyo maana watu wengi huona ni rahisi kuhamia biashara nyingine. Lakini utakapohama unaacha vitu viwili visivyohamishika: wateja waliokuzoea, na kilemba ulichotoa kupata fremu.

Hatua ya nne: kihoji kitu kipya kikiwa bado hakijakuoa

Kila wazo jipya liandike nyuma ya daftari lile lile, na tarehe. Kisha liache mpaka umpate mtu aliyelifanya kwa misimu miwili na hauzi mbegu, miche wala vifaranga vyake. Sharti hilo la mwisho ndilo muhimu. Wengi watakumbuka wimbi la kware, karibu mwaka 2014. Trei ya mayai ya kware ilikuwa na bei ya kutisha, kila mtu akajenga banda. Waliopata faida walikuwa wanauza mayai na vifaranga kwa wafugaji wapya. Wafugaji wapya walipokwisha, mlaji wa kawaida hakuonekana, na mabanda yakawa stoo za kuni. Biashara ambayo mnunuzi wake mkubwa ni mtu mwingine anayeanza biashara hiyo hiyo ina mwisho unaojulikana.

Kwenye banda la maonyesho mazungumzo mazuri yanakwenda namna hii:

"Shikamoo mama. Karibu uone miche ya kisasa."

"Marahaba mwanangu. Matunda yake ananunua nani?"

"Soko lipo mama, tena la nje."

"Hapa Rungwe, nani ameuza mwaka jana? Nipe namba yake nimpigie."

"Mama, wewe chukua miche kwanza, soko tutakuunganisha."

"Basi nitarudi ukiwa umeniunganisha."

Huyo mama hajagombana na mtu wala hajakataa. Ameweka soko mbele ya mche.

Swali la pili liulize kalenda: kitu hiki kitanihitaji lini? Mazao mengi ya huku yanagombania mikono ile ile, Novemba kupanda, Januari palizi na mbolea ya kukuzia. Parachichi changa zinataka palizi wakati mahindi yanataka palizi. Chai inataka kuchumwa kila wiki moja au mbili msimu wa mvua, na ukiruka mwezi majani yanakomaa na kiwanda hakiyataki. Kitu kipya kinachotaka kazi mwezi wa Agosti hakina ugomvi na wewe. Kinachoitaka Januari kitaichukua kutoka kwenye kitu kingine, na kitu hicho ni kimoja kati ya vile ulivyoandika hatua ya kwanza.

Swali la tatu ni bei uliyosikia ni ya lini. Ilula kwenye nyanya mambo haya yanaonekana wazi kabisa. Tenga likipanda bei msimu mmoja, msimu unaofuata hata mwalimu na dereva wanalima nyanya, magari yanapanga foleni, bei inaanguka mpaka watu wanaacha nyanya shambani. Wanaokaa na nyanya miaka yote, bei ikiwa juu na ikiwa chini, wanakula wastani. Wanaoingia kwa kufuata bei ya juu wanafika siku ya bei ya chini karibu kila mara.

Na ikiwa kitu kipya hakiwezi kuanza bila mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kuumiza, usiendelee na maswali.

Hatua ya tano: kipe kona, usikipe shamba

Sisemi mtu asijaribu kitu. Hass yenyewe ilikuwa ngeni huku, na leo kuna familia za Njombe na Rungwe zinaishi kwa hiyo. Ninachosema ni ukubwa wa jaribio. Robo ekari, miche ishirini, banda la kuku kumi. Pesa yake itoke kwenye faida ya kitu cha zamani, isitoke kwenye mbolea yake. Ukishachukua mfuko wa mbolea ya kahawa ukaupeleka kwenye jaribio, umeshaanza kuiua kahawa, na mwakani utasema hailipi.

Wakati mwingine kipya kinaweza kupandishwa juu ya cha zamani. Mwenye miparachichi ya kienyeji nyuma ya nyumba, ile mirefu ambayo matunda yake yanaishia kwa watoto na nguruwe, hana sababu ya kuing'oa. Shina linakatwa, machipukizi yanaachwa yaote, yaliyo bora yanabebeshwa vikonyo, yaani vijiti vilivyokatwa kwenye mti wa Hass. Mizizi tayari iko chini sana, kwa hiyo mti huzaa mapema kuliko mche mpya. Paka shina chokaa, maana lilizoea kivuli cha matawi yake na jua la ghafla hulichoma ganda. Mtafute mbebeshaji mzoefu kwa mara ya kwanza. Vikonyo vibaya vitakupa mti usioujua jina.

Hatua ya sita: waambie watu

Hii ni fupi. Ahadi iliyo daftarini inavunjika kimya kimya, iliyo mdomoni mwa jirani haivunjiki hivyo. Sema kwenye kikao cha VICOBA: "Mwaka huu napaua ile nyumba, sifungui kitu kingine." Kwenye AMCOS, kubali kuwa kiongozi wa kikundi cha kupogolea. Wanakikundi wakizungukia mashamba kwa zamu, shamba lako litapogolewa hata wiki ambayo umekata tamaa.

Tahadhari moja: usimwambie shemeji mwenye miradi mipya kila mwezi. Utatoka hapo una sungura.

Hatua ya saba: andika mapema masharti ya kutoka

Kubaki kusikokuwa na masharti ni ukaidi. Kuna mashamba yaliyopandwa mahali pasipostahili, kuna wanunuzi wasiolipa, kuna biashara iliyohamiwa na barabara. Lakini masharti yaandikwe Oktoba ukiwa umetulia, yasiandikwe siku ya hasira. Kwa kahawa, mfano: "Nikipogolea kila mwaka, nikiweka mbolea kwa wakati, na kwa misimu minne mfululizo mapato yasirudishe pesa taslimu niliyotoa, nitaiacha." Minne ni kwa sababu inabeba miaka miwili ya mzao mkubwa na miwili ya mdogo. Kwa chai: "Mnunuzi akikaa na malipo yangu miezi kadhaa na hakuna mwingine anayefikika kabla jani halijaharibika, nitapunguza eneo." Kwa duka, miezi sita ya mauzo chini ya kodi ya fremu na marejesho inatosha. Kama hukufanya sehemu yako, ile ya kupogolea na kudai madeni, saa ya kuhesabu haijaanza.

Na ukitoka, toka kwa utaratibu. Deni la pembejeo kwenye ushirika lilipwe kwanza, la sivyo litakufuata kwenye zao lijalo. Mwenye fremu apewe taarifa mapema, na tafuta anayeingia mwenye kuweza kurudisha kilemba chako. Mkopeshaji wa mali kauli mwoneshe stoo iliyobaki badala ya kuzima simu. Shambani using'oe zao la kudumu lote kwa msimu mmoja, hasa kwenye miteremko ya Rungwe na Umalila ambako udongo ulioachwa wazi unaondoka na mvua za kwanza. Ng'oa mstari mmoja uache mmoja, kwa kukingama na mteremko, panda maharage kwenye nafasi iliyo wazi mara mvua inapotulia, na mistari iliyobaki ing'olewe mwaka unaofuata, baada ya kuvunwa kwa mara ya mwisho.